USALAMA NA AFYA: KABLA YA KULETA NDEGE NYUMBANI, ULIZA KIFUA CHAKO

Mfanyakazi, vumbi la kazini unalijua. Umefundishwa kutia maji wakati wa kutoboa jiwe, na kuvaa maski mahali penye vumbi. Lakini je, ukirudi kambini, vumbi limebaki kazini? Hapana. Katika nyumba nyingi kuna vumbi lingine, jepesi na jeupe, lisilotoka katika jiwe. Linatoka katika mabawa ya njiwa na kasuku.

Hatusemi kwamba ndege ni mbaya. Njiwa anatupa nyama, kasuku anafurahisha watoto. Tunasema hivi: kabla ya kumleta, jua kwanza kama watu wa nyumba yako wanaweza kuishi naye.

KWA NINI NDEGE ANALETA UGONJWA?

Ndege anaacha hewani unga wa manyoya, vipande vidogo vya ngozi, na vumbi la mavi yaliyokauka. Njiwa na kasuku wa kijivu wana unga mwingi. Pitisha mkono juu ya manyoya yao, utaona weupe kwenye vidole. Watu wengi wanavuta vitu hivyo bila taabu. Lakini mwili wa wengine unavihesabu kuwa adui, unaanza kupigana navyo. Hiyo ndiyo aleji.

Namna ya kwanza inakuja upesi: chafya, mafua ya maji, macho mekundu yanayowasha, kifua kinachopiga filimbi. Mwenye pumu anazidiwa.

Namna ya pili inajificha. Mtu anasafisha nyumba ya njiwa asubuhi, hasikii kitu. Masaa 4 mpaka 8 yakipita, anashikwa na homa, baridi, kikohozi kikavu na pumzi fupi. Anasema: «Ni malaria.» Anakunywa dawa, na kesho yake au kesho kutwa anapata nafuu, kwa sababu homa hii inakwisha yenyewe. Juma linalofuata anafagia tena, na homa inarudi. Wanganga wa Marekani waliandika habari za ugonjwa huu kwa wafuga njiwa katika mwaka 1965.

Wengine hawapati homa hata kidogo. Wanakohoa, wanakonda, na pumzi inapungua mwezi kwa mwezi. Mapafu yanafanya makovu, na kovu la mapafu halifutiki. Basi fikiri juu ya mtu ambaye kifua chake kimekwisha kukutana na vumbi la mawe: atabeba mizigo miwili. Tena munganga anaweza kutafuta vumbi la kazi au kifua kikuu, asifikiri njiwa, kama wewe hukumwambia.

PIMA KABLA YA KULIPA

1. Uliza nyumbani: nani ana pumu? Nani anapiga chafya karibu na kuku au juu ya mto wa manyoya? Kama yupo, onana na munganga kwanza.

2. Nendeni kwa mwenye ndege, wewe, mama wa nyumba na watoto. Msisimame mlangoni tu. Kaeni saa nzima karibu na ndege. Rudini mara tatu au nne, siku mbalimbali.

3. Mara moja, uwepo wewe mwenyewe wakati tundu linasafishwa, maana hapo ndipo vumbi linapozidi. Mwenye pumu na watoto wasiwepo.

4. Angalia mwili wako papo hapo, kisha jioni, usiku na kesho asubuhi. Usisahau kwamba homa ya ndege inachelewa.

5. Ukiona alama, usinunue. Kama hospitali ina vyombo, munganga anaweza kupima ngozi au damu, lakini atataka pia kusikia habari zako zote.

Kwa kasuku, ongeza fikra moja: anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, na unga wake utakuwa nyumbani miaka hiyo yote. Tena anatolewa katika misitu yetu, ambamo anapungua. Tangu Januari 2017, mapatano ya mataifa yamekataza biashara ya kasuku wa kijivu wa porini kati ya nchi na nchi.

NDEGE AKIISHA KUINGIA

Kupita jaribio si kumaliza hatari. Mwili unaweza kumvumilia ndege miezi, hata miaka, kisha ukamkataa. Kwa hiyo:

— Tundu likae nje, si katika chumba cha kulala wala jikoni.

— Nyunyizia mavi maji kabla ya kuyatoa, kama vile kazini unavyolaza vumbi kwa maji. Usifagie pakavu. Kitambaa mdomoni hakizuii unga mwembamba.

— Badili nguo na kunawa kabla ya kubeba mtoto.

— Ukienda konji na kikohozi kikapoa, kisha ukirudi nyumbani nacho kikarudi, hiyo ni alama kubwa.

— Ukipata homa, usikisie. Nenda upimwe damu ya malaria, na umwambie munganga: «Nyumbani nina ndege.» Maneno hayo matatu yanaweza kuokoa mapafu yako.

Munganga akisema ndege aondoke, aondoke kweli. Kisha osha kuta, sakafu na mapazia kwa maji, maana unga unabaki siku nyingi baada ya ndege mwenyewe kwenda. Ndege unaweza kumpa jirani. Mapafu mapya hakuna wa kukupa.

Vumbi ni vumbi, liwe la jiwe au la bawa. Linda pumzi yako kazini, uilinde na nyumbani.