Mbwa na Ngurumo

Huko Kwashemshi, wilayani Korogwe, mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Ngurumo zianzapo, mbwa alindaye nyumba na shamba bila woga aweza kuonekana akitetemeka chini ya kitanda. Mwingine hukata kamba akatokomea katika mkonge. Wako watu wamchekao mbwa huyo, na wako wampigao. Je, hofu hiyo yatoka wapi, na yaweza kutulizwa?

Umeme wa radi upitapo hewani huipasha hewa joto la nyuzi 30,000 hivi za Sentigredi, yaani mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hiyo hutanuka ghafla, na mshindo wake ndio ngurumo. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Hivyo sekunde tatu baina ya mmweko na ngurumo ni umbali wa kilomita moja. Binadamu huweza kuifanya hesabu hiyo akatulia. Mbwa husikia mshindo tu, asijue utokako wala pa kuukimbilia.

Tena mbwa hujifunza. Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, alionyesha kwamba mbwa azoeaye kusikia sauti fulani kabla ya kupewa chakula hutokwa na mate aisikiapo sauti hiyo peke yake. Hofu nayo hufuata kanuni hiyo. Mwezi Septemba 1924 mafuriko yaliingia katika maabara yake mjini Leningrad, na mbwa wakaokolewa kwa shida. Baadaye hata maji machache yakitiririka yaliweza kumtia mbwa hofu upya. Vivyo hivyo, mbwa aliyetishwa na ngurumo huanza kutetemeka aonapo wingu jeusi.

Kwa sababu hiyo fimbo haifai, kwani huongeza maumivu juu ya ngurumo. Mbwa aachwe ajifiche ndani mahali apachaguapo, wala asifungwe nje au chini ya mti. Asemeshwe kwa upole na kupapaswa akipenda. Kumliwaza hakumfundishi woga. Wakati wa kiangazi achezeshewe sauti ya ngurumo iliyorekodiwa, kwanza ya chini kabisa, huku akipewa chakula akipendacho. Sauti iongezwe kidogo kidogo kwa siku nyingi, na akionyesha hofu ipunguzwe. Hofu ikizidi, aulizwe daktari wa mifugo. Asipewe dawa za binadamu.

Jambo hili lahusu uhai wa watu pia. Mbwa mwenye hofu hutokwa na mate, huzurura na huweza kuuma, hata akadhaniwa ana kichaa na kuuawa. Hofu hupungua mvua ikishapita, bali kichaa huzidi siku hadi siku. Hata hivyo, aliyeumwa asingoje kuitafuta tofauti hiyo. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali upesi akapate chanjo. Kwani dalili za kichaa zikishatokea kwa binadamu, karibu daima mwisho wake ni kifo. Mbwa naye achanjwe kabla ya kuumana na mtu. Mbwa aliyechanjwa na kutulizwa hulinda nyumba yake masika na vuli, wala hawi hatari kwa jirani.