Wimbo Ukikatwa, Usizomee

Usiku wangu wa kwanza kwenye tamasha la rege nilizomea peke yangu. Ilikuwa Agosti, Benicàssim, mji mdogo wa pwani ya Hispania, kwenye tamasha linaloitwa Rototom Sunsplash. Bendi imeanza wimbo, watu wamelipuka kwa shangwe, na kabla hata ubeti wa kwanza haujaisha mwimbaji akainua mkono. Muziki ukakatika. Mimi nikajua tayari, umeme huo. Si mnazijua bashi zetu za chuo, jenereta ikikohoa kidogo tu ukumbi mzima "aaaah!" Basi na mimi nikatoa "aaaah" yangu. Kumbe wenzangu pembeni wanapiga miluzi na kuinua viberiti juu. Sekunde chache baadaye wimbo ukaanza upya tangu mwanzo, na shangwe ikawa mara mbili.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu mtakaopata nafasi za kubadilishana masomo huko nje. Wengi wetu rege tumeijulia kwenye daladala na kwenye simu, tukadhani tunaijua yote. Ya jukwaani ina kanuni zake, na asiyezijua atarudi nyumbani na video za kutikisika tu.

Tuanze na huo wimbo kukatwa. Asili yake ni Kingston, Jamaika, miaka ya 1950. Watu wa mitaa ya kawaida walikuwa wakicheza muziki nje, kwenye viwanja na nyua, mbele ya spika kubwa za wenye mitambo kama Duke Reid na Coxsone Dodd. Mwenye mitambo alipata pesa mlangoni na kwenye vinywaji, kwa hiyo ushindani ulikuwa mkali. Wengine walikwangua hata karatasi ya jina kwenye santuri ili mpinzani asijue ni wimbo gani. Mwamuzi alikuwa mchezaji. Santuri ikiwakuna watu, wanapiga kelele na kugonga kuta, na mpiga santuri anainua sindano na kuirudisha mwanzo. Bendi za jukwaani ziliurithi utaratibu huo. Kwa hiyo wimbo ukikatwa ujue umependwa, na nyinyi hapo chini ndio mliouagiza urudiwe.

Mtu wa pwani hapaswi kushangaa. Kwenye taarabu, beti likikugusa unainuka, unakwenda kumtuza mwimbaji mbele za watu, naye analirudia. Ni mazungumzo yale yale, sarafu tu ndiyo tofauti. Tulichozoea vibaya ni shoo za pleibeki, ambapo msanii anafuata sidii na haiwezekani kumrudisha nyuma hata mkilia.

Jambo la pili ni besi. Kwenye simu yako husikii rege nzima, unasikia gitaa na sauti. Mdundo wake mkongwe unaacha pigo la kwanza wazi, kisha dramu kubwa inadondoka kwenye pigo la tatu, huku besi ikitembea katikati kama ndiyo inayoimba. Rototom wana eneo linaloitwa Dub Academy, ambako hakuna bendi, kuna spika tu zilizopangwa kama makabati ya nguo. Pale besi unaisikia kifuani na kwenye nyayo. Nenda na vizibo vya masikio, wala usione aibu, wanaovaa ni wale wenyeji wa mambo.

La tatu, usishangae bendi moja ikibaki jukwaani huku waimbaji wanapishana, au ala zile zile zikirudi na maneno mengine kabisa. Wajamaika hawaoni kuwa ni wizi. Mpigo mmoja unaweza kubeba nyimbo nyingi. Ule uitwao Real Rock, uliorekodiwa Studio One mwaka 1967, umeimbiwa na vizazi na vizazi. Anayesikiliza anapima kila mwimbaji kafanya nini na kitambaa kile kile.

Sasa nije kwenye lililoniuma. Mchana, kabla jua halijapungua, tamasha lina mihadhara wanayoiita Reggae University. Nilikwenda nikitafuta kivuli tu. Mama mmoja wa makamo kando yangu akaniuliza natoka wapi. Nikasema Dar es Salaam, nasoma Mlimani. Uso ukamng'aa: "Chuo cha Walter Rodney!" Akataka nimsimulie.

Nilikuwa na nini cha kusimulia? Jina nalijua, nimelidesa usiku wa kuamkia mtihani pale vimbwetani: kitabu chake juu ya Ulaya kuidumaza Afrika, 1972, basi. Yeye ndiye akanisimulia mimi. Kwamba Rodney, Mguyana, baada ya kufundisha Mlimani kwa mara ya kwanza alikwenda Jamaika mwaka 1968, akawa anatoka darasani kwenda kukaa na Rasta na watu wa mitaani, wanazungumza historia ya Afrika. Kwamba Oktoba mwaka huo serikali ilimzuia kuingia tena nchini, na Kingston ikawaka maandamano. Mwaka uliofuata alirudi kwetu akafundisha hadi 1974. Yaani ile Afrika inayotajwa katika kila wimbo wa pili wa rege, sehemu ya mazungumzo yake ilipita kwenye korido ninazopita mimi kila siku nikiwahi kipindi, na nimekwenda kuambiwa Hispania.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayesafiri haugharimu bumu lako: jiandae kuulizwa. Ukiwa Mwafrika kwenye tamasha la rege Ulaya, watu watakuuliza. Soma kidogo kabla hujaondoka.

Mengine ni ya kawaida. Muziki mkubwa unaanza jioni na kukesha, mchana jua la Agosti halina huruma, kwa hiyo hema lako litafutie mti. Kituo cha treni kipo mjini hapo hapo, na bahari ni karibu. Na suala la bangi tuseme wazi. Rototom yenyewe ilizaliwa Italia mwaka 1994, ikahamia Hispania 2010 baada ya mvutano na mamlaka za kule kuhusu sheria ya dawa za kulevya. Lakini usidhani Hispania ni ruksa. Kukamatwa nayo hadharani ni faini inayoanzia euro 601, na wewe uko nchi ya watu kwa viza. Moshi wa jirani usikutie kiburi.

Usiku wa mwisho wimbo ulikatwa tena. Safari hii nilikuwa wa kwanza kupiga mluzi. Na niliporudi chuoni, kabla ya kuonyesha mtu video yoyote, nilikwenda maktaba kuazima Rodney, nikamsoma safari hii bila mtihani.