Mwanga na Umbo la Molekuli: Tatizo la Istilahi katika Kueleza Resveratroli

Resveratroli ni kizuia oksidisho cha asili kinachopatikana katika maganda ya zabibu na katika karanga. Molekuli yake ina atomi 14 za kaboni, 12 za haidrojeni na 3 za oksijeni. Pete zake mbili zimeunganishwa kwa atomi mbili za kaboni zenye bondi maradufu, ambayo kwa kawaida haizunguki. Pete zikikaa pande zinazopingana, umbo huwa bapa na thabiti zaidi.

Mionzi ya urujuanimno inapofyonzwa, elektroni hupanda kiwango cha nishati, bondi hulegea na kuzunguka, na pete huishia upande mmoja. Kusema kwamba molekuli "imevunjika" ni kupotosha, kwani hakuna atomi iliyopotea, molekuli *imegeuka*. Hata hivyo, tofauti hupimika: umbo la kwanza hufyonza zaidi mionzi ya takribani nanomita 306, na la pili takribani 286. Ndiyo maana sampuli hukingwa na mwanga.

Wanakemia huyaita maumbo hayo kwa maneno ya Kilatini, *trans*, yaani ng'ambo, na *cis*, yaani upande huu. Kuyatohoa kunazua utata, kwa kuwa *cis* litakuwa "sisi", ambalo tayari ni kiwakilishi cha nafsi. Kwa hiyo, "umbo-ng'ambo" na "umbo-upande" yanafaa zaidi: yanahifadhi maana ya asili, na mwanafunzi huiona molekuli katika jina lenyewe.