Transfoma mbili zisizolingana: Piga hesabu ya shoti kwanza

NDUGU wanaorejea nyumbani na mtaji wa kufungua mashine za kusaga, pamoja na wafanyabiashara wa mpakani, huniuliza mimi fundi swali moja: transfoma imezidiwa, je, niongeze ya pili iliyotumika?

Inawezekana, lakini soma kwanza kibao cha kila moja. Volti ziwe sawa, na namba ya kundi la vekta, mfano 11 katika Dyn11, iwe ile ile. Zikitofautiana, usiunganishe kabisa.

Kisha tazama asilimia ya ukinzani. Tuseme moja ni kVA 100 yenye asilimia 4, nyingine kVA 50 yenye asilimia 5, zote za volti 400. Ya kwanza ikijaa hubeba ampea 144. Gawanya kwa 0.04: shoti itavuta hadi ampea 3,600. Ya pili hubeba 72. Gawanya kwa 0.05, upate 1,440. Jumla inapita 5,000.

Hivyo swichi kuu yenye uwezo wa kukata ampea 4,500, iliyotosha jana, leo inaweza kupasuka usoni mwa mwendeshaji. Weka ya 6,000 au zaidi.

Mzigo nao haugawanyiki sawasawa. Ukiweka kVA 150, kubwa itabeba 107 na ndogo 43. Kubwa itaanza kuungua huku ndogo ina nafasi. Kikomo chako ni kVA 140, si 150.

Muuzaji asiyeonyesha kibao, mwachie transfoma yake.