Darubini ya bunduki: shika kirungu cha juu kwanza

Shemeji yangu wa Nyamira, mlenga shabaha mwenye leseni, aliniuliza anunue darubini gani. Nikamwambia usihadaike na ukuzaji, shika kirungu cha juu. Hicho ndicho hupandisha na kushusha shabaha, maana risasi huanguka kadiri iendavyo mbali. Nyingi husogea robo dakika ya pembe kwa kila mlio: milimita 7 hivi kwa mita 100, 22 kwa mita 300. Ifunge imara, zungusha milio 40, rudisha. Alama isiporudi pale pale, iache dukani. Yangu ya kwanza haikurudi, nami nilishalipa.

Tena, iliyopimwa Mombasa hupiga juu kidogo Kisii masafa yakiwa marefu, kwani huko mita 1,700 hewa ni nyepesi. Na kule kila kilima kina boma la watu.