Mvumo Katika Kikuza Sauti: Chanzo Chake na Namna ya Kuuondoa

Katika nchi zetu, ambako wanafunzi wengi hawakisikii Kiswahili nyumbani, sisi walimu hutegemea sana mazoezi ya kusikiliza. Pale fedha za vifaa zinapokuwa haba, kikuza sauti, yaani amplifaya, kilichoundwa kwa mkono kutokana na seti ya vipuri hutufaa. Hata hivyo, kina ugonjwa mmoja maarufu: mvumo.

Mvumo si kero ya masikio tu. Tofauti ya vipasuo ghuna na visivyo ghuna, kama katika bata na pata au goma na koma, hubebwa kwa sehemu na mtetemo wa sauti za chini. Mvumo hukaa eneo hilohilo na kuufunika mtetemo huo. Mwanafunzi akiandika pata badala ya bata katika imla, huenda tukamkata alama kwa kosa la mashine.

Hatua ya awali ni kuiita kelele kwa jina lake. Mkwaruzo unaotokea tunapozungusha kitufe cha sauti mara nyingi hutokana na vumbi ndani yake. Mluzi hutokea maikrofoni inapokaribia spika. Mvumo ni sauti nzito isiyokatika, na asili yake ni umeme wa ukutani. Katika Afrika Mashariki umeme huo hufanya mizunguko 50 kwa sekunde. Ukipita kwenye daraja la daiodi huwa na mapigo 100 kwa sekunde, ambayo kapasita kubwa hupaswa kuyasawazisha. Hivyo basi, mvumo wa 50 aghalabu huingia kupitia nyaya, na ule wa 100, ulio mkali kidogo, hutuelekeza kwenye kapasita hizo.

Baada ya hapo tufuate hatua hizi:

Kwanza, tupunguze sauti hadi mwisho. Mvumo ukibaki vilevile, chanzo kiko baada ya kitufe, hasa sehemu ya umeme. Ukitoweka, kiko kabla yake.

Pili, tuchomoe waya wa ingizo na kuziunganisha ncha mbili za ingizo kwa kipande cha waya, kwani ingizo lililo wazi huvuta mvumo lenyewe. Kikinyamaza, tukague waya au chombo kilichounganishwa.

Tatu, ikiwa chombo hicho ni kompyuta ya mkononi, tuchomoe chaja yake. Mvumo ukiisha, vyombo viwili vimefanya kitanzi kupitia nyaya za ethi. Tuvichomeke kwenye soketi moja, au tuweke katikati transfoma ndogo ya kutenganisha sauti. Kamwe tusikate waya wa ethi. Huo hulinda uhai.

Nne, ndani ya kasha, nyaya za ingizo ziwe mbali na transfoma, nyaya za umeme zisokotwe pamoja, na nyaya zote za ethi zikutane mahali pamoja. Kapasita iliyovimba ibadilishwe. Tukumbuke kwamba kapasita hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Asiyejua kuipima amwachie fundi.

Aidha, tubadili kitu kimoja tu kila mara, kisha tusikilize tena. Ndivyo tunavyofundisha fonimu: sauti moja hubadilishwa, nyingine zote huachwa mahali pake.