Mirunda ya Mjomba

Hapo Mbagala, pembeni mwa Barabara ya Kilwa, palikuwa na mjomba mmoja aliyeuza mirunda. Kama huijui, tazama ghorofa lolote linalojengwa: zile nguzo nyembamba za miti zinazoshikilia mbao chini ya zege bichi mpaka likauke, hiyo ndiyo mirunda.

Likizo moja mpwa wake, binti wa darasa la sita, alikuja kumsaidia kazi. Akaingia fundi kutoka Tegeta na kenta tupu. Akalizunguka lundo, akasema, "Nachukua yote. Ni mingapi?"

Safu ya chini ilikuwa na mirunda 24. Juu yake 23, kwa sababu kila mrunda hulala katikati ya miwili iliyo chini yake, basi kila safu hupungua mmoja. Kileleni palikuwa na 9. Mjomba akaanza kujumlisha huku kidole kikiandika hewani: 24 na 23 ni 47, na 22 ni 69, na 21 ni 90... Simu ikaita. Alipomaliza kuongea, hesabu yote ilikuwa imeshaota mbawa.

"Mjomba, usijumlishe moja moja," akasema binti. "Tulipindue lundo."

"Mirunda yote hii? Nani ataipindua?"

"Kichwani tu, mjomba."

Akaokota kijiti, akaandika mchangani namba za safu kutoka chini kwenda juu: 24, 23, 22, mpaka 9. Pembeni mwake akaandika zilezile kinyumenyume: 9, 10, 11, mpaka 24. Ni kama lundo la pili, pacha wa la kwanza, limesimamishwa kichwa chini ubavuni mwake. Pale la kwanza linapokonda, la pili linanenepa. Sasa soma safu kwa safu: 24 na 9 ni 33. 23 na 10 ni 33. 22 na 11 ni 33. Kila safu 33, wala hakuna haja ya kuendelea kukagua, maana upande mmoja ukipoteza mmoja, wa pili unaupata.

"Safu ziko ngapi?" akauliza binti.

"24 toa 9, ni 15," akajibu fundi haraka.

Hapo ndipo wengi hujikwaa, hata watu wazima wenye ndevu. Hesabu kwa vidole toka 9 hadi 11: tisa, kumi, kumi na moja. Vidole vitatu! Lakini 11 toa 9 ni mbili. Kutoa kunakupa hatua ulizopiga. Safu uliyoanzia bado hujaihesabu. Basi ongeza moja: safu ni 16.

16 mara 33 ni 528. Hiyo ni ya malundo mawili, nasi tunalo moja tu. Gawa kwa mbili: mirunda 264.

Fundi hakukubali kushindwa kirahisi. "Na safu zingekuwa 15, nusu mrunda ungeutoa wapi?"

Swali zuri hilo, nampongeza. Tuseme safu ya juu imeondolewa, kilele sasa ni 10. Safu zikiwa witiri, moja hukaa katikati bila mwenza. Hapa ni ile yenye 17. Ya chini kabisa na ya juu kabisa ziko umbali sawa kutoka kwake, hivyo 24 na 10 zikiungana hutoa 17 mara mbili, yaani 34, namba shufwa. 15 mara 34, gawa kwa mbili, ni 255 kamili. Nusu mrunda haitokei kamwe.

Ujanja huu ni wa zamani. Husimuliwa sana juu ya Carl Friedrich Gauss, aliyezaliwa Braunschweig, Ujerumani, mwaka 1777, kwamba akiwa mtoto darasani alijumlisha 1 hadi 100 papo hapo, akapata 5,050. Rafiki yake aliandika kisa hicho mwaka 1856, Gauss akiwa ameshafariki, wala hakutaja 1 hadi 100. Hizo ziliongezwa na wasimulizi waliofuata. Sisi wasimulizi ndivyo tulivyo.

Sasa chukua kibubu chako. Leo weka shilingi 100, kesho 200, keshokutwa 300. Siku ya 30 utaweka 3,000. Mwanzo na mwisho ni 3,100, mara 30, gawa kwa mbili: 46,500. Ukiendelea siku 365 utapata 6,679,500! Ila kabla hujaanza kushangilia, angalia siku ya mwisho peke yake: inadai 36,500.

Na ukiamua kuongeza maradufu kila siku, yaani 100, 200, 400, 800, 1,600, usije kwa binti yule. 100 na 1,600 ni 1,700. 200 na 800 ni 1,000. Lundo hilo halipinduliki, kwa kuwa hatua zake hazilingani.